Ndege Iliyotua Kwenye Rangi Mbichi

Alfajiri, kabla lami haijaanza kushika joto, mwanamke mmoja amelala kifudifudi katikati ya barabara. Shavu limegusa lami. Jicho moja amelifumba, la pili amelikaza mbele kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Asiyemjua angekimbia kuita msaada. Wanaomjua wanapita kando kimyakimya, maana akiwa amelala hivyo hataki hata salamu.

Mbele yake kamba nyembamba iliyopakwa chokaa imenyooshwa juu ya lami. Kule mwisho amechuchumaa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ameshika ncha ya pili.

"Mjomba, vuta kwako."

"Nimevuta."

"Umevuta au umeishika tu?"

"We mtoto, nikivuta zaidi nitaingia nayo mtaroni."

"Basi ingia. Tutakutoa mchana."

Mzee anajivuta nyuma mpaka kisigino kimoja kinaning'inia hewani. Mwanamke anainua kamba kwa vidole viwili na kuiachia. Inachapa lami, vumbi la chokaa linaruka, na ikiondolewa inabaki alama nyembamba, nyeupe, iliyonyooka. Hapo ndipo anapoinuka, anajikung'uta magoti na kuwageukia wenzake.

"Sasa habari za asubuhi," anasema.

Kazi yake ni kuchora mistari ya barabara. Jina lake la kuzaliwa limebaki nyumbani kwa wazazi wake. Kazini wanamwita Mama Mstari. Na tangu ndege ilipomshukia kazini, madereva wakipita wanapiga honi na kumwita Mama Ndege. Huitikia yote mawili, ila la pili huliitikia huku akicheka.

"Dereva haangalii mstari wangu hata siku moja," anasema akikoroga rangi kwa kipande cha mti. "Lakini ufute usiku mmoja tu, uone kama atafika kwake."

Alianza na ufagio. Rangi haishiki kwenye vumbi, kwa hiyo lazima atangulie mtu wa kufagia, na mtu huyo alikuwa yeye. "Nilifagia mpaka mgongo ukasahau kunyooka," anasimulia. "Nikapandishwa, nikabeba koni. Nikapandishwa tena, nikawa namwaga chembe."

Chembe ni vioo vidogo, laini kama sukari, vinavyonyunyizwa juu ya rangi kabla haijakauka ili taa za gari zikiipiga usiku mstari ung'ae. Nguo zake zote za kazi zimejaa chembe. Mume wake, fundi viatu anayefanyia kazi mbele ya nyumba yao, anasema tangu amwoe hajawahi kuhitaji taa kumtafuta gizani.

Mashine ya rangi yenyewe, ile yenye magurudumu na mshiko kama wa toroli, hakuruhusiwa kuigusa kwa miaka mingi. Aliyeisukuma alikuwa fundi mmoja mkali, aliyeamini kwamba mwanamke akishika mashine mstari utafuata maongezi yake. Siku moja magoti ya fundi yaligoma katikati ya kazi, rangi ikiwa imeshamiminwa na iko karibu kugandia ndani. Mama Mstari alishika mshiko bila kuomba. Fundi alikaa ukingoni akimwangalia, mpaka jua likazama.

"Nilijua nitatukanwa," anasema. "Akaniambia tu, kesho urudie hivyohivyo. Akachukua mkongojo wake akaondoka."

Katika kazi hii aibu kubwa ina jina lake: tumbo. Kamba ikilegea, au upepo ukiipiga kabla haijachapwa, au msukumaji akigeuza shingo, mstari hufura upande mmoja. Ukiwa umesimama huuoni. Ukilala chini unauona umevimba kama mtu aliyetoka kula kwa watu. Mama Mstari na yule mzee wa ncha ya pili, anayeitwa Mjomba Kamba ingawa si mjomba wa mtu yeyote pale kazini, wamebishana miaka yote kuhusu nani anasababisha matumbo.

"Kamba yangu haijawahi kulegea," anasema Mjomba Kamba. "Huyu anasukuma vizuri sana. Tatizo lake ni masikio. Akisikia kitu lazima ageuke."

"Mjomba husinzia akiwa amechuchumaa. Nimewahi kumkuta anakoroma na kamba mkononi."

"Nilikuwa napumua."

Barabara iliyowaletea ndege ilikuwa mpya, imeuzunguka mji ili malori yasipite tena sokoni. Lami ilikuwa nyeusi tii, haijafunguliwa kwa magari, na sehemu yake ndefu imenyooka bila kona hata moja. Kabla rangi ya kwanza haijamwagwa, msimamizi wa kazi alimwita Mama Mstari pembeni akamwambia bila kuzunguka: mkaguzi akiikubali mistari, utakuwa fundi kiongozi, mwajiriwa kamili, na kikosi chako mwenyewe. Akiikataa, kiongozi ataletwa kutoka nje, nawe utabaki kibarua wa kuitwa kazi ikitokea.

"Kibarua unalala hujui kesho utaamkia wapi," anasema. "Mvua ikinyesha wiki nzima sisi hatuchori, kwa hiyo nyumbani tunaishi kwa viatu vya watu. Na mvua ikinyesha viatu navyo haviletwi, watu wanavaa ndala."

Kwa hiyo aliilinda barabara ile kama mboni ya jicho. Aliilinda hasa dhidi ya vijana wa pikipiki, ambao walikuwa wamegundua kwamba ni njia ya mkato. Kila alipogeuka alikuta tairi limekata rangi mbichi na kuondoka nayo. Akaweka koni, wakapita kati ya koni. Akaweka mapipa matupu. Wakayabingirisha pembeni, wakapita, na kwa adabu wakayarudisha.

"Hilo la kuyarudisha ndilo liliniuma," anasema.

Yeye na Mjomba Kamba wakayajaza mchanga mpaka juu. Wakayapanga kulia, kushoto, kulia, urefu wote wa ile sehemu iliyonyooka, na kwenye la kwanza wakaegemeza kibao: RANGI MBICHI. Pikipiki ikitaka kupita ilibidi ijipinde kama nyoka, na kabla haijamaliza kujipinda Mama Mstari alikuwa ameshafika na ufagio. Kiongozi wa vijana hao, anayeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake haina, alipigwa ufagio wa mgongo mara kadhaa wiki ile. Yeye mwenyewe anasema hakuhesabu, alikuwa anakimbia.

Siku ndege ilipokuja, jua lilikuwa la utosi. Kikosi kilikuwa kimejibanza kwenye kivuli cha lori, kinapumzika. Mama Mstari peke yake alikuwa anamalizia rangi iliyobaki kwenye mashine, kichwa chini, macho kwenye alama ya chokaa. Akasikia ndege. Ndege hupita, si ajabu. Kilichomfanya ainue kichwa ni pale iliponyamaza.

Injini ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikazima. Ndege ndogo ya injini moja ikazunguka juu ya barabara, chini sana, ikiyumbisha mabawa huku na huku kama mtu anayepunga mikono.

"Nikasema, huyu anaitaka barabara yangu," anasimulia. "Nikafurahi kwanza, kwamba ameona pazuri. Halafu nikayaona mapipa."

Rubani, aliyesimulia baadaye kwa simu, anakumbuka vilevile kutoka upande wa juu. "Maji yaliingia kwenye mafuta. Injini inakufa, inafufuka, inakufa. Kiwanja kidogo cha mji ule kilifungwa zamani, kimeota vichaka. Upande huu mashamba ya matuta, upande ule mawe. Nikaona kitu cheusi kimenyooka, kina mstari mweupe katikati. Nikashukuru. Nilipozunguka ndipo nikaona kuna mtu amekipangia mapipa kama kete."

Mtu huyo alikuwa tayari anakimbia. Alilifikia pipa la kwanza akalisukuma kwa mikono. Halikutikisika. Akaligeuzia mgongo akalisukuma kwa miguu. Mjomba Kamba akafika akihema, wakasukuma wawili, wengine wakikimbia kutoka kwenye lori kule mbali. Pipa likainama kidogo, likarudi mahali pake.

"Nilijaza mchanga ule kwa mikono yangu," anasema Mama Mstari. "Niliushindilia. Pale nikajuta kila koleo."

Mwanzoni mwa barabara, Breki na wenzake walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakimvizia aende mbali ili wapite. Walimwona anawapungia mikono yote miwili.

"Njooni. Piteni katikati, upesi."

"Tupite?" Breki akauliza kutoka mbali.

"Piteni, kanyageni tu."

"Ni mbichi, mama."

"Naiona, mwanangu. Kanyaga."

Breki anasema hakuamini. "Wiki nzima anatukimbiza na ufagio, leo anatuita kama wageni wa harusi. Nikamwambia mwenzangu, huo mtego, ukifika pale tu unalo. Halafu kivuli cha ndege kikatupita juu ya kichwa. Hapo nikasahau ufagio."

Walikuja wote kwa mpigo, wakiburuza rangi kila upande. Na hakuna aliyeyajua mapipa yale kama wao. Hawakuyasukuma, waliyatega. Mmoja alikaba juu, mwingine akapiga teke chini, pipa likalala ubavu, na likishalala lilibingirika lenyewe mpaka mtaroni. La kwanza, la pili, la tatu. La mwisho lilipogoma, Mjomba Kamba alilikumbatia akaenda nalo.

Watu wote wakarukia mtaroni. Mama Mstari akarudi barabarani.

"Nilikumbuka mashine," anasema, kana kwamba hilo halihitaji maelezo.

Aliisukuma mbio, ikaruka ukingo, ikapinduka, rangi ikamwagika. Naye akajitupa nyasini. Ndege ikapita mbele yake bila mlio wowote, upepo tu, kama shuka kubwa linalokung'utwa. Magurudumu yakagusa, yakadunda, yakagusa tena. Gurudumu la mbele likakamata mstari wa katikati na halikuuacha tena, likaufuata mpaka mbele kabisa, likipunguza, likipunguza, likasimama.

Mjomba Kamba akatoa kichwa mtaroni, kofia imegeukia nyuma.

Mlango ukafunguka. Rubani, kijana mrefu aliyelowa jasho, akashuka akiwa ameshikilia bawa kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wa kwanza kumfikia alikuwa Mama Mstari, uso mweupe kwa rangi upande mmoja. Akamtazama rubani. Akayatazama magurudumu, yaliyokuwa yanameremeta kwa chembe. Na neno lililomtoka, ambalo hataachiwa alisahau maisha yake yote, lilikuwa hili:

"Umekanyaga rangi mbichi."

Rubani naye akayatazama magurudumu. "Samahani, mama. Sikuona kibao."

"Kibao kimeingia mtaroni na pipa."

Ndani ya ndege kulikuwa na abiria wanne. Mmoja wao, muuguzi aliyekuwa amekumbatia sanduku la chanjo, alisikia mazungumzo hayo akiwa bado amefungwa mkanda. Alicheka mpaka akashindwa kuufungua. "Nilikuwa nimeshaaga watoto wangu moyoni," anasema. "Halafu namsikia mtu anagombana kuhusu rangi. Nikajua tupo duniani, mbinguni hawagombani hivyo."

Alipotoka aliketi juu ya lami akicheka na kulia kwa pamoja. Mama Mstari akaketi naye. Breki na wenzake wakaletwa mbele, wakakumbatiwa na abiria mmoja baada ya mwingine, na kila aliyewakumbatia aliondoka na mistari kifuani.

Shangwe zilipopungua ndipo alipogeuka nyuma kuitazama kazi yake. Mstari wa katikati ulikuwa na nyayo za tairi za ndege, tairi za pikipiki, viatu, na mburuzo mpana ambao Mjomba Kamba aliuacha pamoja na pipa. Ukingoni rangi ilikuwa imetanda kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa wiki hiyohiyo.

Msimamizi alimwambia asiwe na wasiwasi. "Tutamweleza tu ukweli, kwamba ndege imeanguka."

"Haijaanguka, imetua," Mama Mstari akamjibu. "Na mkaguzi hapimi maelezo, anapima mstari."

Kuahirisha hakukuwezekana, kwa sababu mkaguzi akikosa wiki ile angerudi baada ya mvua, na kazi ya barabara iliyofuata ingekuwa imeshapata kiongozi mwingine. Ilibaki kuchora upya.

Asubuhi iliyofuata alipofika, alikuta barabara imeshafagiwa. Breki alikuwa amesimama pale na wenzake, kila mmoja na ufagio, wamejipanga kama wanaosubiri kukaguliwa.

"Sasa hizi fagio mnazishika nyinyi?" akawauliza.

"Tumeona ni salama zaidi zikiwa kwetu," Breki akamjibu.

Siku zile walikwangua rangi iliyoharibika kwa mabapa ya chuma, wakasugua, wakafagia, wakavuta kamba. Ndege ilisukumwa mpaka ukingoni ikalala hapo, ikilindwa na nusu ya mji. Fundi wa ndege alikuja kwa gari na masanduku yake, akamwaga mafuta yote yenye maji na kuanza kufungua injini. Rubani, ambaye hakuwa na kwa kwenda, alikaribishwa kula nyumbani kwa Mama Mstari kila jioni. Mume wake alitazama viatu vya mgeni, akaona soli zimegeuka nyeupe, akazitengeneza bila kuulizwa.

"Nilimwambia, ukishakuwa na soli hizo wewe ni wa ukoo," anasema fundi viatu. "Na nikamtahadharisha. Katika nyumba hii hata mkate unakatwa kwa kamba."

Siku ya mwisho ilianza na wingu. Ndege ilikuwa imepona, ruhusa ya kuruka kutoka barabarani imepatikana, na askari wa barabarani amesimama upande mmoja na mwenzake upande wa pili. Ilibidi iondoke mapema, kabla mvua haijaamka. Lakini ndege ilikuwa imesimama ubavuni mwa kipande cha mwisho kilichoharibika, na kipande hicho kiliweza kuchorwa tu baada ya vijana kuisukuma kuirudisha mwanzo wa barabara. Kikachorwa alfajiri hiyo. Asubuhi ya baridi, rangi hukauka kwa madaha.

Rubani akawasha injini, akaizima, akashuka.

"Mama, niende?"

"Bado."

"Bado kiasi gani?"

"Kiasi cha rangi kukauka."

Simu ya rubani ikalia. Wakubwa wake walitaka kujua kwa nini ndege haijaruka. Watu waliosikia jibu lake wanasema aliwaeleza mara mbili, kisha akaiweka simu mbali na sikio. Askari naye akasogea, kifua mbele.

"Mama, mimi nimefunga barabara kwa ajili ya ndege, si kwa ajili ya rangi."

"Barabara haijawahi kufunguliwa, afande. Umefunga nini?"

Watu wakaangua kicheko, na askari akaona ni heri acheke nao. Basi wakasubiri wote: rubani, fundi wa ndege, askari, vijana wa pikipiki, akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao. Mji mzima ulisimama ukitazama mstari mmoja ukikauka. Wingu likaja juu zaidi. Mama Mstari akagusa rangi kwa mgongo wa kidole. Akangoja. Akagusa tena.

Alijua mvua ikianza rangi itaoshwa na ndege haitaondoka. Alijua pia kwamba gurudumu moja likipita mapema, mkaguzi atakuta alama, na yeye atarudi kuitwa kazi ikitokea. Hakuharakisha. Alilala chini kama kawaida yake, akauweka uso wake juu ya mstari, akatulia.

Akainuka, akawageuzia watu shavu. Lilikuwa safi.

"Nenda, mwanangu," akamwambia rubani. "Safari njema. Na usilalie kushoto."

Rubani anasema amewahi kusubiri ukungu, amewahi kusubiri mafuta, amewahi kumsubiri mkubwa aliyechelewa kuamka. "Rangi ilikuwa mara ya kwanza. Na ningeingoja mpaka jioni."

Injini ikanguruma, ndege ikafuata mstari, ikakaza mwendo, ikainuka. Vigelegele vikapanda nayo. Watu wote waliangalia juu, isipokuwa mmoja aliyekuwa anatembea upesi katikati ya barabara ameinamisha kichwa, akitafuta alama. Hakuiona hata moja.

Mkaguzi alifika muda si mrefu baadaye, akakuta umati unapungia mawingu. Ni mtu mnene, mwenye sauti ya chini, na kazi yake haimpi sababu ya kucheka. Alitembea barabara nzima. Alipima upana, akakwaruza rangi kwa kucha, kisha, kwa shida kidogo, naye akalala chini. Alikaa hapo kwa muda.

"Hapa pana tumbo," mkaguzi akasema kutoka chini.

Mama Mstari akalala upande wa pili wa mstari, akatazama. Lilikuwepo. Dogo, lakini lilikuwepo.

"Hapa kulitokea nini?"

Akafikiri, kisha akakumbuka. "Hapo ndipo injini ilipowaka. Juzi nilikuwa nachora, fundi akaijaribu nyuma yangu, ikashika. Nilifurahi, nikageuka."

"Masikio," akasema Mjomba Kamba nyuma yao, kwa furaha ya mtu aliyengojea miaka. "Si nilisema?"

Mkaguzi akatoa kipimo chake, akapima mara mbili. Likawa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Mama Mstari akauliza kama alifute alichore upya.

"Liache," akasema mkaguzi, akinyoosha mkono ainuliwe. "Mimi ningesikia injini hiyo ningetupa mashine nikacheza."

Siku hiyohiyo, kabla mvua haijaanza, msimamizi alimpa kizibao kipya chenye neno KIONGOZI mgongoni. Alikivaa mpaka nyumbani. Binti yake mkubwa alikisoma kwa sauti, kisha akakisoma tena, na mume akaacha kiatu cha mteja na nyundo juu ya meza akamzungusha mke wake pale nje mpaka majirani wakatoka kuangalia.

Leo kikosi chake kina watu wanane, na watatu kati yao waliacha pikipiki. Mshahara unakuja mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Breki ndiye anayejifunza mashine. Mwanzoni alisukuma kama anayekwepa magari, na matumbo yake ya mwezi wa kwanza, anasema Mjomba Kamba, yangetosha kujaza wodi. Sasa mistari yake imeanza kutulia. Kila alfajiri mwalimu wake analala chini, anaitazama, na anapokosa la kusema husema tu habari za asubuhi.

Na kuna kazi nyingine inakuja. Kile kiwanja kidogo cha ndege kilichoota vichaka kimeanza kufyekwa. Baada ya kilichotokea, wenye mamlaka wameona ni vyema ndege ziwe na pa kutua. Kitawekwa lami, na lami ikishawekwa itahitaji mistari. Mama Mstari ameshamwambia msimamizi kwamba kikosi chake kinaitaka kazi hiyo, na ameambiwa ajiandae.

Anajiandaa nyumbani. Rubani alimweleza kwamba kila mwisho wa njia ya kurukia ndege huchorwa namba kubwa, kubwa kuliko chumba, ili ionekane kutoka juu. Kwa hiyo jioni uwanja wa nyumba yake unajaa kamba na chokaa. Binti anapima, mama anachapa, na wateja wa viatu wanalazimika kuzunguka namba kufika kwa fundi.

"Nimemwomba achore hata mlango," anasema mume wake. "Amekataa, anasema mlango hauko kwenye kipimo."

Kwenye kamba ya pili ya uwanja huo, magoti chini, yuko Breki, anajaribu mviringo wa namba yake kwa mara nyingine. Mama Mstari anamwacha akosee, anamwacha afute mwenyewe.

"Upande mmoja nitachora mimi," anasema, sauti ameishusha ili kijana asisikie. "Upande wa pili atachora huyu. Nataka rubani akija kutoka upande wowote, asijue ipi ni ya mwalimu."